Ukitaka Kuruka kwa Banji Likizoni, Peleka Maswali Kabla ya Ujasiri

Bonasi ya chai ikishalipwa na shule zikikaribia kufungwa, Sotik huanza kupanga Desemba. Kuna atakayenunua ndama, kuna atakayeweka karo ya Januari kando kabla haijaliwa na sherehe. Na siku hizi wapo, hasa vijana wenye kazi zao Kaplong, Litein na Bomet mjini, wanaopanga jambo ambalo wazazi wao hawalielewi hata wakielezwa mara tatu: kulipa pesa ili wafungwe kamba ya mpira miguuni na kujirusha kutoka juu ya mnara.

Video za mchezo huo, unaojulikana kama banji, zimejaa kwenye simu. Mtu anasimama ukingoni, anapiga ukelele, anatoweka, kisha anaonekana akipaa tena huku kichwa kiko chini. Wanaotazama hugawanyika pande mbili. Mmoja anasema lazima ajaribu kabla hajazeeka, mwingine anasema huo ni wazimu wa watu walioshiba.

Makala haya hayaungi mkono upande wowote. Watu wa kawaida, walimu, makarani na hata mabibi na mababu, wameruka kwa banji wakarudi nyumbani salama. Wengine hawakurudi. Ukichunguza ajali zinazojulikana, nyingi hazikusababishwa na woga wa aliyeruka wala na ujasiri wake. Zilitokana na kipimo kilichokosewa, kamba iliyochoka au amri iliyosikika vibaya. Kwa hiyo anayejiandaa kwa kujipiga kifua tu hajajiandaa. Aende na maswali.

Mchezo ni kamba

Asili ya banji iko kwenye kisiwa cha Pentecost, nchini Vanuatu, katika bahari ya Pasifiki. Huko wanaume hujenga minara ya miti na kujirusha wakiwa wamefungwa vifundoni kamba za mimea inayotambaa. Tendo hilo huenda pamoja na mavuno ya viazi vikuu, na lina majira yake, kwa sababu kamba hizo lazima ziwe na utomvu wa kutosha ili zinyumbuke. Mwaka 1974, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipozuru visiwa hivyo, liliandaliwa onyesho nje ya majira. Kamba hazikuwa na unyumbufu unaotakiwa, na mmoja wa walioruka alifariki.

Tarehe 1 Aprili 1979, vijana wa klabu moja ya michezo ya hatari nchini Uingereza walijirusha kutoka daraja la Clifton, mjini Bristol, wakitumia kamba za mpira. Kisha akaja AJ Hackett wa New Zealand. Mwaka 1987 aliruka kutoka mnara wa Eiffel jijini Paris na polisi wakamkamata. Mwaka uliofuata alifungua biashara ya banji kwenye daraja la mto Kawarau kwao New Zealand, lenye urefu wa mita 43. Tangu hapo mchezo ukaenea duniani.

Katika historia yote hiyo jambo la kuzingatia ni moja: kinachomwokoa anayeruka ni unyumbufu wa kamba. Kamba ya banji hutengenezwa kwa nyuzi nyingi za mpira zilizofungwa pamoja. Mrukaji akifika mwisho wa urefu wa kamba, kamba hiyo hunyooka kidogo kidogo, ikimpunguzia kasi hadi asimame, halafu humvuta juu. Kamba ya katani au ya nailoni, hata ikiwa nene ya kuvutia trekta, hainyooki namna hiyo. Humsimamisha mtu ghafla, na mwili wa binadamu hauwezi kuhimili mshtuko huo.

Nalisema wazi kwa sababu vijana hupenda kuiga. Usifunge kamba kwenye daraja la Kipsonoi. Usiunganishe tyubu za pikipiki ukadhani umepata banji ya bure. Anayefanya hivyo hana njia ya kujua kamba yake itanyooka kiasi gani kwa uzito wake, na atakapojua itakuwa amechelewa.

Pa kwenda

Katika eneo letu la chai hakuna mnara wa banji. Kwa Kenya, mahali panapojulikana ni Sagana, kaunti ya Kirinyaga, kama kilomita 100 kaskazini mwa Nairobi. Pale kuna mnara wa mita 60 juu ya mto Tana, na katika eneo hilohilo watu huteremka kwenye maji makali kwa boti za mpira. Kutoka Sotik utapita Kaplong, Bomet, Narok na Mai Mahiu hadi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200, kisha ushike barabara ya Thika. Usijaribu kwenda na kuruka siku hiyohiyo. Mtu aliyetoka Sotik alfajiri, akakaa kwenye matatu tangu kiza, amekunywa chai ya rangi tu na shingo imekakamaa, hafai kupanda mnara saa nane mchana. Lala Nairobi, Thika au huko huko Sagana, uamke na mwili uliopumzika.

Wa pili kwa ukaribu ni mji wa Jinja, Uganda, ambako banji imekuwa ikifanywa juu ya mto Nile kwa urefu wa zaidi ya mita 40. Kutoka Sotik njia ni Kisumu, kisha mpaka wa Busia. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti, lakini beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mwenye pesa na muda zaidi atasikia habari za daraja la Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1905. Pale watu huruka mita 111 juu ya mto Zambezi. Kwa anayeanza, huko si pa kukimbilia.

Popote unapochagua, piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Minara hufungwa kwa ukarabati, kwa mafuriko au kwa kukosa wateja, na tangazo la mtandaoni hubaki palepale miaka nenda rudi. Uliza kama wanarusha watu wiki hiyo, siku gani na saa ngapi, bei ni ngapi, na kama picha na video zimo ndani ya bei hiyo. Ukitakiwa kutuma malipo ya awali kwa M-Pesa, hakikisha jina linalotokea ni la biashara yenyewe, si la mtu binafsi anayejiita wakala. Uliza pia pesa zinarudishwa vipi mvua ikinyesha. Upepo mkali na radi ni sababu halali za kuahirisha, na kampuni inayorusha watu katika hali hiyo ni ya kukimbiwa.

Afya yako unaijua wewe

Fomu utakayopewa itakuuliza kuhusu afya. Wengi huweka alama ya "hapana" kila mahali bila kusoma ili wasirudishwe. Huko ni kujidanganya, maana msimamizi hana namna ya kuona presha yako kwa macho.

Usiruke ikiwa una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kifafa, matatizo ya uti wa mgongo au shingo, mifupa iliyodhoofika, au kama umefanyiwa upasuaji karibuni. Mwanamke mjamzito asiruke kabisa. Mwenye pumu au kisukari azungumze na daktari wake kwanza. Anayechuma majani chai na amekuwa akilalamikia mgongo msimu mzima asidhani ni uchovu tu, apimwe.

Macho yatajwe peke yake kwa sababu ndiyo yanayosahaulika. Kamba inapokusimamisha chini kabisa, damu husukumwa kichwani kwa nguvu, na mishipa midogo ya macho hupata shinikizo kubwa. Tangu miaka ya 1990 madaktari wameandika kuhusu watu waliovuja damu ndani ya jicho baada ya banji. Wengi wao hupona, lakini mwenye presha ya macho, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho au mwenye miwani ya nguvu sana asiende bila ushauri. Hana haja ya kusafiri mbali kuupata: hospitali ya misheni ya Tenwek, pale Bomet, ina kitengo cha macho.

Pombe isiguswe tangu jana yake. Chakula kiwe chepesi, saa mbili au tatu kabla. Kibuyu cha mursik na sahani ya ugali ni vitu vizuri, lakini vingoje jioni.

Kuhusu bima, soma karatasi yako. Bima nyingi za binafsi huiondoa michezo ya hatari katika orodha ya mambo zinayogharimia. Hakikisha pia michango yako ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haijalala. Ukienda Uganda, tafuta bima ya safari inayoutaja mchezo huu kwa jina.

Simamia mizani

Kwenye kituo cha kununulia majani chai hakuna mkulima anayegeuza uso karani anaposoma mizani. Fanya vivyo hivyo mnarani, maana kilo zako ndizo zinazoamua kamba utakayofungwa. Kamba nzito kwa mtu mwepesi haitanyooka vizuri, itamrudisha kwa kishindo. Kamba nyepesi kwa mtu mzito itanyooka kupita kiasi, na huenda ikamfikisha chini.

Sehemu nzuri hupima uzito zaidi ya mara moja, na wengi huandika namba kwenye mkono wa mrukaji kwa kalamu ya wino. Isome. Kama nyumbani una kilo 84 na mkononi kumeandikwa 64, zungumza papo hapo. Usione haya kutaja kilo zako mbele ya watu, na usijipunguzie kwa sababu shemeji anasikia.

Ukiwa hapo chini, kabla hujagusa ngazi, uliza haya:

Je, kampuni ina leseni? Nchini Kenya biashara za utalii husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Leseni halali huonyeshwa, haifichwi kwenye droo.

Kamba hii imeshatumika mara ngapi, na inastaafishwa ikifika mara ngapi? Mpira huchoka kwa matumizi na huliwa na jua. Mahali pa kuaminika huweka daftari la kila kamba na kila mruko. Jibu la "hiyo bado mpya" bila daftari si jibu.

Nafungwa wapi? Kamba ishikwe na vifundo vya miguu na pia na mikanda ya kiunoni au kifuani, ili kimoja kikiteleza kingine kishike.

Nani anakagua kazi ya aliyenifunga? Lazima awepo mtu wa pili anayepitia kila kulabu na kila mkanda kabla hujaruka.

Nani yuko chini kunipokea, na gari la kunipeleka hospitali liko wapi?

Kuuliza si dharau kwa msimamizi. Anayejua kazi yake hufurahia maswali, kwa sababu mteja anayeuliza ni mteja anayesikiliza. Atakayekucheka au kukuharakisha kwa kuwa foleni ni ndefu amekujibu tayari: chukua mkoba wako uondoke. Tarehe 31 Desemba 2011, pale Victoria Falls, kamba ilimkatikia mtalii kijana kutoka Australia. Aliangukia mto Zambezi huku miguu yake ingali imefungwa, akaogelea hadi ukingoni na akapona. Baada ya hapo waziri wa utalii wa Zambia wakati huo, Given Lubinda, aliruka mwenyewe kuwahakikishia watu usalama. Lilikuwa tendo la kiungwana, lakini kamba aliyorukia waziri siyo utakayorukia wewe. Ya kwako uikague siku yako.

Kubalianeni amri

Nchini Hispania mwaka 2015, msichana Mholanzi wa miaka 17 alifariki akiruka kutoka darajani. Kamba yake ilikuwa bado haijafungwa darajani. Mahakama ilieleza kuwa msimamizi alizungumza Kiingereza kibovu, na huenda maneno ya kumwambia asiruke yalisikika kama ya kumwambia aruke sasa. Mwaka 2021 nchini Kolombia, mwanamke mmoja aliruka baada ya kuona ishara ambayo haikuwa yake, ilikuwa ya mpenzi wake aliyekuwa kando. Naye hakuwa amefungwa.

Kwa hiyo, kabla hujapanda, mwambie msimamizi lugha unayoielewa vizuri. Kiswahili kinatosha. Kubalianeni neno moja la kuruka na neno moja la kusimama, yasiyofanana hata kidogo kwa sauti. "Ruka" na "ngoja" yanafaa. Mwambie hutatoka ukingoni mpaka akuguse begani na kutamka neno hilo. Na rafiki zako walio chini, waombe wasipige kelele za kuhesabu. Kelele za shangwe huchanganya masikio ya aliye juu.

Ukingoni

Vaa suruali, si sketi wala rinda. Viatu viwe vya kufunga vizuri, visivyofunika vifundo. Mifukoni kusibaki hata sarafu. Vua hereni, saa na miwani, funga nywele, mwenye ushungi aubane vizuri kwa pini ndani ya kola. Meno ya bandia yabaki kwa rafiki, na simu pia. Video atapiga aliye chini.

Juu utakalishwa. Vifundo vitazungushiwa taulo au pedi, kisha mikanda itakazwa mpaka miguu yote miwili iwe kitu kimoja. Utavuta hatua fupi fupi hadi vidole vya viatu vitoke nje ya ubao. Hapo utahisi uzito wa kamba ukikuvuta miguu kwa chini, na hilo ndilo linaloshtua wengi, kwa sababu hakuna video inayoonyesha hisia hiyo. Ukiitarajia, haitakuyumbisha.

Usitazame chini. Tazama mbali: mstari wa miti, mlima, wingu. Nyoosha mikono pembeni na uanguke kwa kifua, kama alivyokuonyesha msimamizi. Usiruke kwa miguu kwanza, maana kamba itakugeuza kwa nguvu na shingo itaumia. Usiishike kamba kwa mikono hata ikipita karibu na uso. Mwendo wa kuanguka ni sekunde chache tu. Kisha utavutwa juu, utaanguka tena, na kila safari itakuwa fupi kuliko iliyotangulia, mpaka utulie ukining'inia. Watakushusha au kukuvuta taratibu. Utakapofunguliwa, kaa chini dakika chache. Kizunguzungu ni cha kawaida, kuinuka ghafla si busara.

Kushuka kwa ngazi si aibu

Hapa ndipo penye ugumu kwa watu wa kwetu. Katika Ukipsigis kijana hulelewa akijua kwamba uso haukunjwi mbele ya maumivu, na kwamba macho ya rika lake yanamtazama. Malezi hayo yana heshima yake na mahali pake. Lakini mnara wa banji si mahali pake. Hakuna ukoo unaokungoja pale chini, hakuna jina utakalopata wala kupoteza. Ni mchezo wa kulipia, na mteja ana haki ya kuahirisha.

Ukifika ukingoni mwili ukakataa, sema "ngoja", rudi nyuma, ufunguliwe, ushuke kwa ngazi. Pesa pengine hazitarudi, nazo ni bei ndogo. Msimamizi mwema hatakusukuma hata ukimwomba. Na nyinyi mliokuja naye, msimwite mwoga wala msirekodi kushuka kwake. Waswahili walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Wazazi nao wajue kwamba kijana aliye chini ya miaka 18 huhitaji sahihi yao. Usiitie kwa simu kwa kuwa amekulilia. Kama unaona bado, mpeleke kwanza kwenye kitu chenye kimo kidogo: waya wa kuteleza angani katika msitu wa Kereita, karibu na Kimende, au kukwea miamba katika mbuga ya Hell's Gate, Naivasha. Akirudi akiwa bado na hamu, mtazungumza tena.

Baada ya hapo

Macho mekundu, misuli ya shingo yenye maumivu kidogo na usingizi mwingi jioni ni mambo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni kuona ukungu au madoa, kichwa kuuma bila kutulia, mikono kufa ganzi, au maumivu makali ya mgongo. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kufika Sotik, na mweleze daktari kwamba umeruka kwa banji. Usiruke mara ya pili siku hiyo hata ukipewa nusu bei.

Banji si wajibu wa mtu yeyote, na likizo inaweza kuwa tamu bila kuning'inia popote. Ukiamua kwenda, nenda ukiwa umelala vizuri, umepimwa, umesoma fomu na umeona daftari la kamba. Jibu lolote lisipokuridhisha, usiruke. Mto Tana hauhami.